Kidonge cha Njano Peke Yake Hakitoshi: Niliyojifunza Kumlea Mtoto Mwenye Sikoseli

Binti yangu wa pili ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Tunaishi Sengerema. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, baba yake ni fundi seremala. Namwandikia mzazi aliyetoka kupewa majibu juzi, ana bahasha ya vidonge vidogo vya njano mkononi, ameambiwa "mpe kila siku" na hakuambiwa jingine. Vidonge hivyo ni asidi foliki, au foliki kama tunavyoziita kwenye mabenchi ya kliniki. Mpe. Ni dawa nzuri, bei yake ndogo, na mwili wa mtoto wako unaihitaji. Ila usirudi nyumbani ukidhani umeshapata tiba yote, kwa sababu dhana hiyo nusura imwondoe mwanangu duniani.

Alianza kuugua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Vidole vya mikono na miguu vilivimba ghafla, vikawa vinang'aa, ukimgusa analia hadi sauti inakatika. Kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Wengine walisema kaumwa na mdudu, wengine meno yanataka kutoka. Bibi yake, mama mkwe wangu, alimkanda kwa maji ya uvuguvugu usiku kucha bila kulala, na hilo namshukuru hadi leo. Zahanati wakampima malaria, hana, wakatupa panadol ya maji tukarudi. Uvimbe ukaisha, baadaye ukarudi, na safari hii macho yakawa na umanjano.

Kwenye hospitali ya wilaya tulikutana na daktari aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kutuuliza: katika ukoo wenu, kuna watoto waliofariki wakiwa wadogo kwa kuishiwa damu? Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akawataja wadogo zake wawili. Kwao ilisemwa walirogwa. Nilimwona machozi yakimlenga pale pale, na mimi sikuwa na la kusema.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa jambo hili si geni hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima sampuli za damu za watoto zaidi ya 17,000 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha sikoseli, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, Tanzania imo pamoja na Nigeria, Kongo, India na Uganda katika nchi zinazoongoza duniani. Darasa langu lina watoto wengi. Siku nilipoelewa hesabu hiyo niliwatazama wanafunzi wangu kwa jicho jingine.

Jambo la kwanza la kushika: kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakikuambii kama mtoto ni mgonjwa au amebeba kinasaba tu. Wote wawili kinaonyesha "ndiyo". Nimekutana na familia iliyomnywesha dawa kwa muda mrefu mtoto asiye mgonjwa, na nyingine iliyoambiwa "amebeba tu" kumbe mtoto anaumwa. Omba kipimo kinachotaja aina ya himoglobini, ile sehemu ya chembe nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Sisi ilibidi tuvuke na kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza. Majibu yalisomeka SS, maana yake kapokea kinasaba kwangu na kwa baba yake. Hapo pia ndipo yalipokufa maneno ya chinichini kwamba ugonjwa umetoka ukoo wa mwanamke. Umetoka kwetu sote wawili, na kila mimba yetu ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumpata mtoto mwenye ugonjwa.

Tuliporudi tukaanza kufuatilia dawa kwenye kituo cha afya cha karibu, ili kukwepa gharama za kuvuka kila mara. Pale tuliandikiwa foliki tu. Kila tukienda, foliki. "Ya kuongeza damu, mama." Sera inasema matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, lakini dawa ikiwa haipo unaandikiwa karatasi ukanunue mwenyewe, na foliki ilikosekana mara nyingi. Haikuniumiza mfukoni. Vidonge vya mwezi mzima havikufika nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana tuliridhika: dawa ipo, bei yake tunaimudu, mtoto anameza, mengine tunamwachia Mungu.

Muuguzi mmoja mtu mzima wa kliniki ya sikoseli Mwanza ndiye aliyenieleza kwa kituo dawa hii inafanya nini. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na sikoseli huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wangu huishi siku 10 hadi 20, inajikunja kama mundu, inakakamaa, inapasuka. Kwa hiyo uboho ndani ya mifupa yake haupumziki, kila saa unatengeneza nyingine. Na kutengeneza chembe mpya kunahitaji folati, vitamini iliyo kwenye mboga za majani na jamii ya kunde, kwa sababu bila hiyo chembe haiwezi kugawanyika vizuri. Watoto wengine folati ya chakula inawatosha. Wa sikoseli wanaimaliza haraka.

Akaniambia: "Mwalimu, chukulia nyumba ya udongo isiyo na paa zuri. Kila mvua inamega ukuta, na fundi yupo pale anakandika. Foliki ni maji ya kukandia udongo. Yakikosekana, fundi atasimama na ukuta utaisha. Lakini maji ya kukandia hayaezeki nyumba." Mfano huo nimewapa wazazi wengi tangu siku hiyo, na sijapata ulio bora zaidi.

Sasa namna ya kuitoa, kwa sababu kidonge cha milimita chache kinaweza kuleta vita kila jioni. Vidonge vinavyotumika sana kwetu ni vya miligramu 5. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja tuliambiwa apewe nusu, yaani 2.5, na akipita mwaka apewe kizima, mara moja kwa siku. Wako atapangiwa na daktari wake, kwa hiyo usifuate changu, fuata cheti chako. Wakati hawezi kumeza, nilikuwa nakisaga katikati ya vijiko viwili vikavu, naongeza matone ya maziwa yangu au uji, namnywesha kwenye kijiko hicho hicho. Usikivurugie kwenye bakuli zima la uji. Akiacha nusu ya bakuli hujui kama kaacha dawa au kaacha uji. Tulichagua muda wa baada ya chakula cha usiku, mimi na baba yake wote tukiwa nyumbani, na tunaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama hiyo inaokoa, maana mara nyingi kila mmoja hudhani mwenzake ameshampa. Siku ikipita bila dawa, kesho anapewa dozi ya kesho tu, hatumlundikii.

Vidonge vingi hutoka kwenye kopo kubwa, unahesabiwa, unatiliwa kwenye kibahasha cha plastiki. Hakikisha wameandika jina la dawa na miligramu, na waombe wakuonyeshe kwenye kopo tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyumbani viwe sehemu kavu, nje ya mwanga wa jua, juu pasipofikiwa na watoto. Dirisha la jikoni si mahali pake ingawa ndipo wengi tunapoviweka.

Kuna siku foliki iliadimika kabisa mjini kwetu. Muuzaji wa duka moja la dawa muhimu akampa mume wangu vidonge vyenye rangi ya damu ya mzee, akasema "hizi ni zile zile, tena hizi zina nguvu zaidi." Zilikuwa FEFO, zile wanazopewa wajawazito: ndani yake kuna madini ya chuma, na asidi foliki kidogo tu. Mtoto akazitumia hadi siku ya kliniki. Yule muuguzi alipofungua kibahasha aliweka kalamu chini.

Akatueleza, na hapa nawaomba mtulie msome vizuri, kwa sababu hili kosa nimeliona kwa wazazi wengi mno. Chembe za sikoseli zikipasuka, chuma kilichokuwa ndani yake hakipotei, mwili unakihifadhi. Mtoto akiongezewa damu, kila chupa inaingiza chuma kingine. Na binadamu hana njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Kikijaa kinakaa kwenye ini, kwenye moyo, kinaharibu polepole. Upungufu wa damu wa sikoseli unatokana na chembe kufa mapema, kwa hiyo kumjaza chuma mtoto ambaye hajakosa chuma kunamletea madhara bila faida. Wapo watoto wa sikoseli ambao kweli wamepungukiwa chuma, lakini hao wanajulikana kwa kipimo, na daktari ndiye anayeandika.

Tangu hapo nasoma kila kitu. Sharubati za "kuongeza damu" zenye picha ya mtoto mnene, nyingi zina chuma. Shangazi zake walikuwa wakija na chupa hizo kwa upendo mkubwa, na chupa moja inazidi bei ya foliki ya miezi kadhaa. Ilinichukua ujasiri kumwambia wifi yangu mkubwa, "Dada, ahsante sana, lakini hii haimfai, tusaidie nauli ya kliniki badala yake." Alinuna. Baadaye akaelewa, na sasa yeye ndiye wa kwanza kutuma nauli. Juisi ya rozela na ya kiazi chekundu (bitiruti) hatukuzizuia, anakunywa kama juisi. Ila hatuzihesabu kuwa dawa.

Pigo kubwa lilikuja akiwa na miaka 2 hivi, msimu wa mvua. Alikuwa amemeza foliki yake kila jioni, alama zimejaa kwenye kalenda. Mchana alikuwa anacheza, jioni akawa na homa, usiku midomo na viganja vikawa vyeupe, anahema juujuu. Nilimpapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu nikakuta kitu kigumu. Bandama lilikuwa limevimba. Tulifika hospitali alfajiri. Malaria kali, na damu imeshuka hadi gramu 3, mtoto ambaye kwa kawaida yake hukaa kwenye 7. Damu ya kundi lake haikuwepo. Mume wangu alipiga simu kwa mafundi wenzake wa pale gereji ya mbao, wakaja na pikipiki, wengine hata sura zao sikuwahi kuziona, wakajipanga kutolewa damu. Chupa ilipoanza kudondoka nilikaa chini sakafuni kwa sababu miguu ilikataa kunishika.

Alipopata nafuu, daktari wa wodi alianza kuniuliza mambo kama anayefanya usaili. Anatumia penisilini kila siku? Hapana. Dawa ya kuzuia malaria? Hapana. Analala ndani ya chandarua chenye dawa? Ndiyo, ingawa kina matundu. Chanjo zote amemaliza? Ndiyo. Mmewahi kuambiwa kuhusu haidroksiyurea? Ndiyo kwanza nalisikia jina. Anatumia nini basi? Nikasema foliki, kila siku, hajawahi kukosa. Nilisema kwa fahari, na huku nasema nikamwona daktari anavyosikitika.

Mtoto mwenye sikoseli bandama lake huharibika mapema, mara nyingi kabla hajafika miaka 5, na bandama ndilo linalomlinda na bakteria wanaosababisha nimonia, homa ya uti wa mgongo na sumu kwenye damu. Ndiyo sababu ya penisilini ya kumeza, asubuhi na jioni, kuanzia miezi ya mwanzo mpaka angalau afike miaka 5: miligramu 62.5 kwa dozi akiwa chini ya mwaka mmoja, 125 hadi afike miaka 3, kisha 250. Chanjo ya nimonia aina ya PCV, ambayo Tanzania iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wote mwaka 2013, ni sehemu ya ulinzi huo huo. Malaria nayo huwamaliza watoto hawa haraka kuliko wengine, kwa hiyo chandarua kizima na dawa ya kinga ni lazima, si hiari. Foliki haiingii kwenye kazi yoyote kati ya hizo. Haizuii homa, haizuii malaria, haizuii maumivu ya mifupa.

Niliumia sana kulielewa hilo nikiwa kando ya kitanda. Kuna hasira niliyokuwa nayo kwa mfumo wa kuandika foliki kwa mazoea na kuita "unayefuata", na hasira hiyo bado ninayo, maana wapo akina mama wanaotoka vituoni leo hii na kibahasha hicho hicho wakiamini wamekamilishiwa.

Kwenye habari ya kinga ya malaria kuna jambo la foliki ambalo wengi hawaambiwi. Dawa ya SP, ile wanayomezeshwa wajawazito kliniki, hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vya malaria folati. Asidi foliki ya miligramu 5 inaweza kuipunguza nguvu. Kliniki nyingine huwakinga watoto wa sikoseli kwa SP ya kila mwezi, nyingine kwa dawa tofauti kama proguanili. Ukipewa SP, mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto anatumia foliki ya miligramu 5, akupangie. Usikae kimya ukidhani ameshaona kwenye daftari.

Hili lilinigusa mimi mwenyewe nilipopata ujauzito uliofuata. Jirani yangu alinishauri nisihangaike na foleni ya kliniki ya wajawazito, nimeze foliki za mtoto tu, "si foliki ni foliki?" Nilimuuliza yule muuguzi, akakataa kabisa. Mjamzito wa kawaida anahitaji asidi foliki kidogo, miligramu 0.4 kwa siku pamoja na chuma, na ya miligramu 5 ingevuruga SP ambayo nilikuwa naimeza kujikinga na malaria. Kwa hiyo nyumbani kukawa na vikopo viwili, changu cha FEFO na chake cha njano, na kila kimoja kinafaa kwa mwenyewe na kingemdhuru mwenzake. Mume wangu, kwa ufundi wake, alitengeneza kabati dogo la ukutani lenye milango miwili na kufuli. Kama nyumbani kwenu kuna mjamzito na mtoto wa sikoseli kwa wakati mmoja, tafuteni namna yoyote ya kuvitenganisha, hata kwa vitambaa vya rangi.

Wakati huo ndipo mtoto alipoanzishiwa haidroksiyurea, na hiyo ndiyo dawa iliyobadilisha maisha yetu. Huupa mwili uwezo wa kutengeneza himoglobini ya kitoto, ile ya mtoto akiwa bado tumboni, ambayo haijikunji. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Tuliogopa bei, na tulikuwa na haki ya kuogopa. Tuliuza mbuzi, mume wangu akachukua kazi za vitanda usiku. Dozi hufuata uzito, na lazima apimwe damu kila baada ya muda kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Unga wake mjamzito hapaswi kuushika, basi kwa miezi yote ya ujauzito baba yake ndiye aliyekuwa akimpa. Maumivu ya kila mara yalipungua. Sasa kulazwa kwake ni jambo la nadra.

Siku moja, nikiwa na ujasiri wa mwalimu, nilimuuliza daktari kijana wa kliniki: "Miaka yote hii foliki, na damu yake ipo pale pale kwenye 7. Kweli inafanya kazi?" Hakukasirika. Alisema swali hilo liliwahi kupimwa kwa watoto huko Jamaika, matokeo yakatoka mwaka 1983. Watoto 117 wenye SS, wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 4, waligawanywa: wengine foliki ya miligramu 5 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mzima. Folati kwenye damu ya waliopewa iliongezeka kama ilivyotarajiwa. Lakini wingi wa damu, ukuaji na maambukizi havikutofautiana kwa kiasi cha kuridhisha. Ndiyo maana kwenye nchi ambazo unga wa ngano umeongezewa asidi foliki na chakula kinatosha, wapo madaktari wasioona haja ya kuitoa kwa kila mtoto.

"Basi kwa nini tunaendelea?" nikauliza. Akanijibu kwa swali: mwezi wa njaa, kabla ya mavuno, mtoto wako anakula nini? Nikamwambia ukweli: ugali wa muhogo na dagaa, mboga ikipatikana. "Ndiyo sababu," akasema. Dawa ni salama, bei yake ndogo, na mtoto ambaye uboho wake unakimbia namna hiyo hatuwezi kumwacha akakauka folati katika mwezi ambao hatuuoni.

Huo ndio msimamo wangu pia. Foliki anaendelea nayo. Lakini mfuko ukiwa na fedha ya dawa moja tu mwezi huo, na hili limetutokea, penisilini ilitangulia alipokuwa chini ya miaka 5, na haidroksiyurea inatangulia sasa. Foliki ikikosekana wiki moja, nafidia kwa sufuria mpaka ipatikane.

Sufuria lenyewe lina mambo yake. Folati ipo kwenye mchicha, matembele, kunde na majani yake, choroko, maharage, karanga, maini, parachichi na machungwa. Lakini huharibika kwa moto mwingi na hutoka na maji. Ile desturi ya kuchemsha mboga sana, kuikamua na kumwaga maji yake tunamwaga tulichokuwa tunakitafuta. Mimi naosha kabla ya kukata, naweka maji kidogo, nafunika, naipua mapema. Kisamvu hakina budi kupikwa sana kwa sababu ya sumu yake, kwa hiyo hicho sikitegemei kwa folati. Maziwa ya mbuzi, ambayo wazee wetu huyasifia kwa mtoto mgonjwa, yana folati ndogo sana, yasiwe chakula chake kikuu. Unga wa viwandani kwa kanuni za nchi unatakiwa uwe umeongezewa virutubishi ikiwemo asidi foliki, lakini dona tunalosaga kwenye mashine ya mtaani halina nyongeza hiyo.

Shuleni niliwaambia walimu wenzangu mambo machache: asichapwe, aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni muda wowote, asimwagiwe maji baridi wala kusimamishwa juani au kwenye mvua. Wakati wa likizo akienda kwa bibi, namfungashia dawa zikiwa zimehesabiwa kwa kila siku, na kalenda yake. Bibi hasomi vizuri, lakini alama ya kalamu anaiweka kila jioni na hajawahi kuruka.

Mdogo wake alipimwa akiwa mchanga kabisa. Amebeba kinasaba tu. Nililia siku hiyo pia, na sikujua ni furaha au ni uchovu.

Mzazi, ukiandikiwa foliki peke yake, kabla hujainuka kwenye kiti muulize daktari haya: penisilini yake iko wapi, na aitumie mpaka lini? Atakingwaje na malaria, na kinga hiyo inapatana na foliki? Anafaa kuanza haidroksiyurea, na kama haipo hapa, ipo wapi? Nikague vipi bandama lake nyumbani? Kwa hilo la mwisho mwombe akushike mkono akuonyeshe, maana ni rahisi kujifunza kwa vidole. Na ununue kipimajoto. Sisi tulifundishwa kwamba joto likifika 38.5 hatusubiri asubuhi wala hatuanzi na panadol tuone. Tunambeba tunakwenda, hata kama kivuko cha mwisho kimeshaondoka na inabidi kuanzia hospitali ya wilaya.